Robo Milimita kwa Saa

Mie kwa hasira sijambo, na hilo nalisema mapema ili mtu asije akasema baadaye kwamba nilimficha. Naitwa Atuganile, mwenyeji wa Tukuyu, fundi sanifu wa kupima udongo na misingi, mwaka wa thelathini na moja sasa. Site zote wananiita Mama Herieth, kwa jina la binti yangu aliyeko Mwanza, anayenipigia kila Jumapili kuniuliza kama nimekula. Nikimwambia nimekula, anasema haya mama, tutaongea. Basi hapo ndiyo tumeshaongea.

Kwangu ni Ukonga. Nyumba tulijenga na marehemu Baba Herieth, vyumba vinne, na tangu azikwe huu mwaka wa tatu nalala kimoja, vitatu nafagia tu. Nikirudi kazini nawasha redio kabla hata ya kuvua viatu. Majirani wanadhani napenda sana muziki. Wala sipendi. Sitaki tu kusikia kijiko changu kikigonga sahani.

Nieleze kwanza kazi, maana bila kazi habari hii haieleweki. Kule Chanika, kwenye mteremko wa bonde, kuna mtu anajenga hosteli ya wanafunzi ya ghorofa tano. Jengo zito namna ile huliweki juu ya udongo hivi hivi. Unachimba mashimo marefu, unashusha nondo, unajaza zege, zinakuwa nguzo zilizozikwa. Sie tunaziita paili. Pale zilikuwa arobaini na mbili, kila moja mita nane kwenda chini. Kabla hujajenga juu yake unachagua moja unaijaribu: unaibebesha mara moja na nusu ya mzigo itakaobeba maisha yake yote, halafu unakaa unatazama inatitia kiasi gani.

Na unakaa kweli. Mzigo wenyewe ni matofali makubwa ya zege yaliyopangwa juu ya mihimili ya chuma, na chini yake kuna jeki inayoisukuma paili ardhini. Kwenye kichwa cha paili tunafunga geji nne, vijisaa vya kupimia ambavyo hata unene wa unywele vinauona. Juu tunatandika turubai, kwa sababu jua likipiga chuma kinapinda kidogo, na geji ikishikiliwa na chuma kilichopinda inadanganya. Hapiti gari, hapiti mtu. Kila dakika kumi msomaji anasoma na mwandishi anaandika. Tena kuna desturi: mwandishi haandiki mpaka arudie kwa sauti alichosikia. Nikisema "nne nukta moja saba," naye aseme "nne nukta moja saba," ndipo kalamu iguse karatasi.

Mwandishi niliyepewa safari hii alikuwa Cyprian, mtunza stoo wa palepale site. Mtu wa Ndanda, Masasi, miaka hamsini na nane, mjane kama mie, mrefu, mpole mpaka unataka kumfinya uone kama atapiga kelele. Mwandiko wake, jamani! Namba zimesimama kama watoto wa shule mstarini. Na jambo lingine, hakuniita Mama Herieth. Siku ya kwanza aliuliza, "Jina lako hasa nani?" Nikamwambia. Toka hapo akawa ananiita Atuganile, jina ambalo nilikuwa sijalisikia kwa sauti ya mwanamume tangu msibani.

"Wanyakyusa mna hasira," aliniambia Jumatatu, nilipomfokea dereva wa boza la maji aliyetaka kukatiza karibu na geji.

"Na nyie watu wa kusini mnaongea kama maneno mnayanunua dukani."

Akacheka. Alikuja na mihogo ya kuchemsha kwenye kontena na chai ya tangawizi kwenye chupa. Tukala. Dakika kumi zikafika, nikasoma, akarudia. Saa nzima hivyo, siku nzima hivyo. Msinicheke, lakini fikirini mtu anayeongea na redio miaka mitatu, halafu ghafla kila dakika kumi akisema neno kuna mtu analipokea na kumrudishia vilevile, halikupotea hata nukta. Jumatatu jioni nilifika Ukonga nikasahau kuwasha redio.

Jumanne saa saba mchana mzigo ulikuwa umetimia wote. Paili ilikuwa imetitia milimita sita nukta mbili, na kikomo chetu kilikuwa kumi na mbili. Safi kabisa. Kilichobaki ni kuitazama mpaka itulie, na kutulia kwa kanuni zetu ni kushuka chini ya robo milimita kwa saa. Ikishatulia, Injinia Elibariki anasema shusheni mzigo, kazi imeisha. Cyprian arudi stoo kuhesabu glavu, mie nirudi maabara kuchekecha mchanga peke yangu.

Saa nane nikainama kwenye geji. Sita nukta mbili nane. Ndani ya saa nzima paili ilikuwa imeshuka punje tu. Imetulia. Imelala fofofo.

Nikafungua mdomo nikasema, "Sita nukta tano tano."

"Sita nukta tano tano," Cyprian akasema, akaandika.

Sikupanga. Naapa sikupanga. Miaka thelathini na moja sijawahi kuongopea karatasi hata namba moja. Wapo waliofukuzwa kazi kwa mdomo wangu kwa sababu hiyohiyo. Ila nilipomwangalia anapuliza chai yake kwenye kikombe cha bati nikaona hii leo isiishe, iende mpaka jioni tu. Ikaenda mpaka jioni. Kila saa niliongeza nukta tatu, zaidi kidogo ya robo, ili tusiruhusiwe kufunga. Elibariki akapita, akatazama karatasi, akasema, "Inajivuta kidogo, Mama Herieth. Tuiache mpaka kesho." Kanuni inataka hata usiku kusomwe, lakini kampuni yetu inaamini usiku ni wa kulala. Tukafunga jeki, tukaondoka.

Jumatano ikawa siku yangu nzuri kuliko zote za miaka mitatu, na nasema hivyo nikijua maana yake. Aliniambia habari za mkewe, alivyokuwa anaimba kwaya bila kujua kuimba. Nikamwambia habari za Baba Herieth na kuku wake aliowapa majina ya wabunge. Aliniuliza salamu za kwetu zinasemwaje, nikamfundisha "ugonile," akaisema vibaya mara kumi. Huku geji zimesimama kama zimegandishwa, sita nukta nne na ushee, na mie mdomoni natoa saba, nane, tisa. Cyprian anarudia. Namba zangu za uongo zilivyokuwa nzuri kwenye mwandiko ule, mtu angeapa.

Jambo moja tu mkono wangu ulikataa. Kwenye mkoba nina kidaftari changu, na kila nilipotamka uongo kwa sauti nilijikuta nimeshaandika ukweli mle. Mazoea mabaya hayo ya kazi. Saa kumi karatasi ya Cyprian ilisema tisa nukta nane, na kidaftari kilisema sita nukta nne sita. Nikajiambia basi, kikomo kiko karibu, kesho asubuhi naitangaza imetulia na tunaagana kwa heri.

Tulipokuwa tunafunga turubai mawingu yakaja. Mvua ya kwanza ya masika ilinyesha tangu jioni ile mpaka alfajiri, mvua ya kupiga mabati mpaka husikii hata mawazo yako.

Alhamisi tulikuta kishimo cha paili kimejaa maji. Mteremko wote ulikuwa umemimina pale. Tukayachota kwa ndoo. Nikafuta geji kwa kanga yangu, nikainama, nikasoma mara mbili. Tisa nukta sita.

Mtu asiyejua ataona ni jambo la kawaida tu, jana tisa nukta nane, leo tisa nukta sita, basi kosa dogo. Lakini mie nilijua jana ilikuwa sita nukta nne. Paili iliyokuwa imelala siku mbili ilikuwa imeshuka milimita tatu na zaidi baada ya kunywa maji. Udongo wa pale ni mwekundu wa kichanga. Kiangazi unakuwa mgumu kama tofali la kuchoma, unaishika paili kwa nguvu zote. Ukilowa unaiachia.

"Atuganile? Dakika kumi," alisema Cyprian, kalamu mkononi.

Nikasema tisa nukta tisa, maana karatasi ya jana ilisema tisa nukta nane, na paili haiwezi kupanda juu. Saa mbili geji zilisema kumi nukta tisa, na hiyo nilisoma kama ilivyo. Saa tatu zilisema kumi na mbili nukta tatu. Tumevuka kikomo. Waswahili wanasema penye ukweli uongo hujitenga. Pale haukujitenga. Uongo wangu wa Jumanne na Jumatano uliungana na ukweli wa Alhamisi, ukawa mstari mmoja mzuri unaoteremka taratibu, na mvua haikuonekana popote.

Elibariki alikuja, matope mpaka magotini. Kijana wa miaka thelathini, mwenye adabu, hata akiwa na haraka hasahau.

"Shikamoo, Mama Herieth."

"Marahaba."

Akasoma karatasi zote kuanzia Jumanne, akitembeza kidole. "Hii paili mbovu tangu mwanzo," akasema. "Inateremka tu, tena kabla hata mvua haijanyesha. Chini ya shimo kulibaki matope. Niitieni Suleiman."

Suleiman, msimamizi wa wachimbaji, alikuja mbio na kofia mkononi. "Injinia, shimo lile nimelisafisha mwenyewe, wallahi. Nimeshusha taa nikaangalia."

"Karatasi inasema hukusafisha. Utajieleza ofisini." Elibariki alikuwa keshatoa simu. "Hii moja tunaiua, tunachimba mbili pembeni yake. Zile arobaini na moja tunaendelea kujenga."

Hapo ndipo nilipoona mambo yote kwa pamoja. Hakukuwa na paili mbovu. Shimo lilikuwa safi. Ubovu ulikuwa wa udongo, na udongo ni uleule kwa zote arobaini na mbili. Ghorofa tano zingepanda juu ya namba zangu, mabinti wa watu wangelala mle, na masika ingekuja kila mwaka. Kitu kimoja tu kingewaonyesha: kwamba paili ilisimama imara siku mbili za jua na ikashuka siku ilipolowa. Na kitu hicho kilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya kitana.

Nilimtazama Cyprian. Alikuwa anaweka sahihi ukurasa wa Alhamisi, pembeni ya sahihi yangu, polepole, kama mtu anayeamini anachoandika. Kwa kweli nilisita. Sitasema sikusita. Kama ningekaa kimya, angenimiminia chai saa nne.

"Injinia, usipige hiyo simu," nikasema. "Hizo namba za Jumanne mchana na Jumatano, na ya kwanza ya leo, ni za uongo. Nilizitunga mie. Za kweli hizi hapa."

Nikampa kidaftari. Elibariki alichuchumaa, akaweka kidaftari juu ya goti, akachora mstari mpya kwenye karatasi ya miraba. Mstari ulitambaa sawasawa, ukatambaa, ukatambaa, halafu ukaanguka.

"Maji," akasema. "Ee Mungu. Ni maji." Kisha akaniinulia macho. "Mama yangu, kwa nini? Ni posho?"

Kila siku ya kupima ina posho yake, wote pale walijua. Nikasema ndiyo, posho. Niliona heri niitwe mroho wa posho kuliko kusimama mbele ya wanaume watatu niseme nilikuwa nasikia upweke. Suleiman akasonya, akavaa kofia yake akaenda zake, na sikumlaumu. Cyprian aliokota karatasi zake za siku mbili, akazitazama moja moja, ile mistari iliyosimama vizuri.

"Zote hizi nimezirudia kwa mdomo wangu," akasema, kwa sauti ya chini. Akazikabidhi kwa Elibariki, akaenda stoo.

Nilimfuata jioni. Alikuwa nyuma ya dirisha la wavu anahesabu glavu, jozi jozi, kama nilivyojua atakuwa.

"Haikuwa posho," nikasema.

"Najua. Ungeifanyia nini?"

"Nilitaka uendelee kukaa pale."

Aliweka glavu chini. Mie, mwanamke ninayefokea madereva wa maboza, nilikuwa nimeshika wavu ule kwa vidole vyote na machozi yanateremka, na sikuona hata aibu tena. Nikamwambia yote: redio, kijiko, vyumba vitatu vya kufagia, Jumapili za "umekula mama." Nikamwambia kwamba siku zile mbili alipokuwa anarudia maneno yangu nilijisikia bado nipo duniani. Alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza namba.

"Atuganile," akasema, "stoo inafungwa saa kumi na moja. Jumapili huwa nipo tu, nikitoka kanisani nakaa barazani naangalia watu. Ungesema njoo Ukonga tunywe chai, ningekuja. Toka hapa mpaka Ukonga ni pua na mdomo."

Hakuna mtu aliyewahi kunipiga vibaya hivyo, na alisema kwa upole.

"Basi njoo Jumapili hii."

Akafikiri. "Jumapili hii, hapana," akasema, akarudi kwenye glavu zake.

Ofisi ilinipa barua kali, ikaninyima safari za nje mpaka mwisho wa mwaka, isipokuwa moja: kurudia jaribio lile, kwa kuwa Elibariki alisema aliyeficha ukweli ndiye anayejua ulikuwa wapi. Huyo kijana atafika mbali. Alibadilisha michoro, paili zote zikachimbwa upya, mita kumi na nne, mpaka kwenye udongo usiojali mvua. Zege la ile ya majaribio lilipokomaa, tuliilowesha kwa boza siku nne mfululizo kabla ya kuibebesha kitu. Suleiman aliisimamia kila ndoo, na salamu zangu aliitikia kwa kichwa tu.

Nilifika asubuhi nikifikiri watanipa mwandishi mwingine. Chini ya turubai nikamkuta Cyprian, kalamu imechongwa, chupa ya chai kando, kikombe kimoja. Elibariki aliniambia baadaye kwamba alimuuliza kama anataka kubadilishwa, naye akasema hapana, kazi ni kazi.

"Ugonile," nikamwambia.

"Salama," akajibu.

Jeki ikasukuma mara ya kwanza. Nikainama, nikasoma geji zote nne, nikapiga hesabu, nikasema kwa sauti, "Sifuri nukta tatu moja."

Nikasubiri. Hakurudia. Nilisikia kigoda kinalia, nikasikia miguu yake kwenye matope. Alizunguka akaja upande wangu, akatoa miwani mfukoni, akapiga goti moja chini kwa taabu, akasoma geji ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akasimama kwa kushika kiuno. Akarudi mahali pake, akaandika, kimya.

Baada ya dakika kumi akafanya vilevile. Na baada ya nyingine kumi. Nikamwacha, kwa sababu haki ilikuwa yake, na hasira zangu safari hii hazikuwa na pa kwenda. Kufika saa nne magoti ya suruali yake yalikuwa yamelowa matope na anainuka kwa shida kama mzee.

Nikainuka, nikakichukua kigoda changu mwenyewe, nikakiweka mbele ya geji ili asome akiwa amekaa. Mie nikasimama nyuma yake, nikaendelea kutaja namba.